Isipokuwa Kiwele

Alhamisi, 3 Julai 2025

Baridi ya leo haina adabu. Upepo umeshuka kutoka milima ya Mbizi usiku kucha, asubuhi vidole havikunjiki. Ng'ombe wangu Chausiku kanichapa mkia usoni nilipomgusa. Pole mama, hata mimi sipendi.

Lita sita. Chuchu ya nyuma kushoto imetoa sawa na wenzake. Nimekamulia kwanza kwenye kikombe cheusi, nikatazama vizuri. Hakuna mabonge, hakuna damu. Bado siiamini.

Mwenyekiti wa kikundi katuma ujumbe: Jumapili baada ya misa yuko mtu wa bima, kila mwenye ng'ombe wa mkopo aje na karatasi zake ZOTE. Kaandika kwa herufi kubwa kabisa. Risiti ninayo. Kadi ya matibabu ninayo. Ni hiyo kadi sasa.

Jumapili, 6 Julai

Kijana mdogo, shati limenyooshwa pasi, katoka mjini Sumbawanga bila koti. Anatetemeka. "Shikamoo mama zangu." Nikamhurumia kabla hajafungua mkoba.

Ng'ombe wa milioni mbili, ada 90,000 kwa mwaka. Ajali inalindwa tangu siku unayolipa: kuvunjika mguu, kutumbukia korongoni, moto, radi. Hapo kwenye radi watu wakacheka. Julai hii radi itoke wapi? Mbingu imefungwa mpaka Novemba. Ugonjwa usubiri siku 30. Akifa kwa ugonjwa siku ya 29, hupati kitu. Na ugonjwa aliokuwa nao kabla ya mkataba hupati kitu hata ikifika siku ya 300.

Mama mmoja wa nyuma kabisa: "Mwanangu, sisi linalotuua ni ugonjwa, wewe unatuuzia radi?" Kijana kacheka, kajipangusa pua. Hakuwa na jibu.

Mimi ninalo, sikulisema. Nimefundisha miaka mingi, nimeona Toto Afya Kadi, ile bima ya afya ya watoto. 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Nyumba ina watoto wanne, anaandikishwa yule mmoja anayekaa wodini. Watatu wanaokimbia uwanjani, wa nini? Machi 2023 NHIF wakafunga kuandikisha mtoto mmoja mmoja, maana mfuko ulikuwa unapokea wagonjwa watupu. Tukalalamika sana. Lakini kapu ambalo kila mtu anatoa na hakuna anayetia, litajaa lini? Kwa hiyo hizo siku 30 nazielewa. Kuzielewa hakunisaidii kulala.

Kaacha fomu. Swali la saba: Je, mnyama amewahi kuugua? Ugonjwa gani, lini, alitibiwa na nani? Mistari mitatu mitupu chini yake.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Mzee wangu kaenda kuona maksai wake, mimi nimekaa na kadi.

Februari 2022: ndigana kali. Joto 41, mitoki imevimba, hali chakula. Sindano. Kapona. Machi mwaka huu: ugonjwa wa kiwele, chuchu ya nyuma kushoto, dawa ya kupachika, maziwa yasinywewe. Mwandiko wa bwana mifugo wa zamani, yule aliyehamishiwa Laela. Nakumbuka nilivyokuwa namsimamia: andika daktari, andika na tarehe. Ualimu hautoki mwilini.

Jirani yangu wa ng'ambo ya kijito hana kadi. Ng'ombe wake watano hawajaandikwa popote duniani. Akiugua mmoja, anampa majani, anampa chumvi, dawa ananunua Matai anachoma mwenyewe. Kwa fomu hii ng'ombe wake ni wazima kama walivyozaliwa. Wangu, aliyechomwa kila sindano kwa wakati wake, ndiye mgonjwa.

Haki gani hiyo? Niliuliza kwa sauti. Kuku wakanitazama.

Jumanne, 8 Julai

Binti yangu kapiga kutoka Portland, kule Maine, Marekani. Analia. Nikajua kuna msiba. Kumbe Simba, mbwa.

Goti la mguu wa nyuma wa kulia, mshipa ndani umekatika, apasuliwe. Ankara yake ingeninunulia Chausiku sita na chenji ikabaki. Lakini ana bima ya mbwa, analipa kila mwezi tangu Septemba, si ndiyo kazi yake? Wamekataa. Agosti, kabla hajakata bima, alimpeleka Simba kliniki kwa kitu kingine kabisa, daktari akaandika pembeni: mguu wa nyuma KUSHOTO, anachechemea kidogo. Basi. Mkataba wao unasema miguu ni pacha. Mmoja ukiwa na historia kabla ya bima, na mwenzake anayo.

"Yaani wa kulia unafungwa kwa kesi ya kushoto?"

"Mama, ndivyo ilivyoandikwa."

Nikamwambia pole mwanangu. Na moyoni nikahesabu: mbwa ana magoti mawili. Ng'ombe ana chuchu nne.

Alhamisi, 10 Julai

Usingizi umekataa. Binti katuma maandishi marefu kuhusu bima za mbwa, nimesoma chini ya blanketi mpaka simu ikaishiwa chaji.

Kumbe mbwa alimfuata ng'ombe. Sweden 1890, mtu mmoja, Claes Virgin, alianzisha bima kwa ajili ya farasi na mifugo. Mbwa wa kwanza akaingia kule kule 1924. Uingereza 1947. Marekani 1982, na mkataba wa kwanza walimpa mbwa wa kwenye televisheni, yule aliyecheza Lassie. Mkulima ndiye aliyeanza kuogopa, mjini wakaiga.

Na masharti yao ni haya haya ya kijana wetu wa shati. Ugonjwa usubiri, mara nyingi siku 14. Ajali siku chache, au papo hapo. Magoti kampuni nyingine zilikuwa zinasubirisha miezi sita. Na la kabla ni la kabla. Ila wapo wanaogawa mara mbili: ugonjwa unaopona na usiopona. Tumbo la kuendesha likipita na mbwa akakaa miezi sita au mwaka bila dalili, wanalifuta. Kisukari hawafuti.

Unaopona na usiopona. Hilo kijana hakulisema. Nitamuuliza.

Jumapili, 13 Julai

Wifi kanivuta kando mlangoni mwa kanisa. "Mwalimu, andika HAPANA. Bwana mifugo mwenyewe yuko Laela. Nani atajua?"

Nitajua mimi. Tena kitakachotokea nakiona: Chausiku kalala chini, nimepiga simu ndani ya saa 24 kama mkataba unavyotaka, daktari wao anakuja, anaangalia, anaomba kadi. Kadi ina tundu pale nilipochana ili nifiche. Hapo watakataa kiwele na mengine yote, hata radi. Nimelipa 90,000 ili niwe mwongo bure.

Nimeandika yote. Mistari mitatu haikutosha, nikageuza nyuma.

Kijana kasoma, kakuna kichwa. Kalamu yake ikaanza: ndigana, nje. Kiwele, nje.

"Kiwele kizima au chuchu moja?"

"Kizima, mama."

"Huyu ni ng'ombe wa maziwa, mwanangu. Ukitoa kiwele unanilindia nini, pembe?"

Kikundi kizima kikaangua kicheko, naye akacheka, masikini, jino la mbele limepishana. Lakini kalamu hakuirudisha. Nikamtajia ule mgawanyo wa wenzake wa ughaibuni, unaopona na usiopona. Kasema lete barua ya mtaalamu, ataipeleka juu.

Jirani wa ng'ambo ya kijito kajaza fomu ya mtamba wake dakika mbili. HAPANA, HAPANA, HAPANA. Kalipa pale pale.

Jumanne, 15 Julai

Bwana mifugo wetu mpya ni binti, tunamwita Daktari, anavaa buti kubwa kuliko yeye. Kaja asubuhi na kile kisahani chenye vikombe vinne. Chuchu nne, kila moja na kikombe chake. Katia dawa, kazungusha. Vitatu vikabaki majimaji. Cha nyuma kushoto kikaanza kuvuta, kidogo tu.

"Upo," kasema. "Umelala."

Mimi niliyekuwa naangalia kikombe cheusi kila siku, maziwa meupe yananidanganya! Kasema kuna vijidudu vinajificha ndani ya kiwele, dawa inapita juu yao, vinangoja azae tena ndipo viamke. Apimwe tena, atibiwe wakati wa kumkausha, akamuliwe wa mwisho, mikono ioshwe. Sawa, Daktari.

Ndigana je? Hapo sauti yake ikabadilika, akawa kama yuko darasani anajibu swali alilolisoma usiku. Ng'ombe aliyepona ndigana kali anabaki na kinga. Chanjo yake yenyewe imetengenezwa kwa njia hiyo: unamchoma vimelea vyenyewe, vizima, vile vilivyopewa jina la Muguga kule Kenya, na siku hiyo hiyo unamchoma oksi, dawa inayokaa mwilini muda mrefu, augue kidogo apone. Chausiku alijichanja mwenyewe 2022, kwa bahati na kwa sindano ya yule wa Laela. Inaweza kuja aina nyingine ya vimelea, hawezi kuapa. Lakini kwa kupe wa hapa, yeye yuko salama kuliko mtamba asiyewahi kuumwa.

Kwa hiyo fomu imekosea upande huu na kupatia upande ule! Ndigana ni kovu. Kiwele ni kidonda. Vyote viwili viko kwenye kadi moja, mwandiko mmoja, na swali la saba linaviuliza kwa sauti ile ile.

Kaandika barua. Ndigana: alipona, hana dalili zaidi ya miaka mitatu. Kiwele: kipimo cha leo kimeonyesha ugonjwa uliojificha. Nikaisoma mara mbili. Nilitamani angeacha ile ya pili. Sikumwambia.

Jumamosi, 19 Julai

Mtamba wa jirani kafa alfajiri.

Jumatano alikataa majani. Alhamisi mitoki chini ya masikio. Jana alikuwa anapumua kwa shida, povu puani. Ndigana. Daktari aliitwa jana jioni, kachoma, kasema mmechelewa.

Jirani kampigia kijana wa bima kabla hata hajamfunika. Nilikuwepo, kaweka spika. Kijana alisikika ameumia kweli. "Pole sana mzee. Lakini siku 30 hazijaisha." Jirani kasema: "Mimi nilisaini akiwa mzima! Wewe ulimwona!" Ni kweli. Wote tulimwona Jumapili ile, anang'aa, anarusha miguu.

Sikuweza kumwambia, si leo. Kupe akimng'ata ng'ombe leo, ndigana inakaa kimya, siku 8, siku 15, inaweza kufika 25. Mtamba aliporusha miguu mbele ya kijana tayari alikuwa nao ndani. Kupe alisaini kwanza. Ndiyo maana ni siku 30, hawakuziokota hewani. Aliyeziweka anamjua kupe.

Lakini anamjua kupe tu. Homa ya mapafu ya ng'ombe inaweza kukaa miezi bila kukohoa hata mara moja. Siku 30 kwake ni mlango wazi. Na sisi huku tunapakana na Zambia, ng'ombe wanapita vichakani, nani anawahesabu?

Josho la kijiji halina dawa tangu masika. Hilo nalo hakuna fomu inayouliza.

Nyama iligawiwa. Tumenunua kilo. Mzee kala. Mimi nimekula mchuzi.

Jumanne, 22 Julai

Wamejibu. Ndigana imekubaliwa, baada ya siku 30 kama magonjwa mengine. "Isipokuwa kiwele na madhara yake yote." Wataangalia upya mwaka ujao kama vipimo viwili vitatoka safi.

Na madhara yake yote. Hayo maneno manne. Kiwele kikimtia homa, homa ikamwangusha, kaangukia jiwe kavunjika mguu, hiyo ni ajali au ni kiwele? Mzee kasema Mwalimu usitafute mkosi. Natafuta mkataba, si mkosi.

Nimelipa. Simu ikalia kilio chake kidogo, 90,000 imekwenda. Kuanzia leo nahesabu.

Ajabu ya moyo: mpaka jana Chausiku akikohoa, nasema vumbi. Leo kakohoa mara moja nikatoka na tochi.

Jumamosi, 26 Julai

Daktari kapita kunywa chai. Viazi vitamu, maziwa ya chuchu tatu. Tukazungumza chanjo. Kampeni ile iliyozinduliwa Bariadi tarehe 16 Juni, Rais mwenyewe alikuwepo: miaka mitano, ng'ombe homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, kuku kideri. Ng'ombe 500, hiyo ni nusu, nusu nyingine inatoa serikali. Kuku bure. Na hereni za utambuzi sikioni. Wazee wanazikumbuka zile za 1,750 zilizosimamishwa 2022, wanauliza hizi nazo zitadumu? Daktari anasema bila hereni bima itakuwa ugomvi kila siku: huyu ndiye, huyu siye. Ng'ombe mweusi mmoja na mwenzake wanafanana sana akiwa amekufa.

Kanihadithia Marsabit. Kenya kaskazini, tangu Januari 2010 wana bima isiyomwangalia ng'ombe kabisa. Setilaiti inaangalia majani kutoka juu. Malisho yakipungua chini ya kiwango, wote wa eneo hilo wenye bima wanalipwa, mwenye ng'ombe mzima na mwenye mgonjwa. Walilipwa mara ya kwanza Oktoba 2011, ukame ule mkubwa. Hakuna fomu, hakuna swali la saba, hakuna daktari kupima. Setilaiti haijui Chausiku aliumwa lini.

Nikashangilia. Kisha nikafikiri. Kule nako wanauza kwa misimu tu, Januari na Februari, Agosti na Septemba, kabla mvua haijaonyesha sura yake. Huwezi kuingia ukishaona mawingu yamekimbia. Basi ni kusubiri kule kule, kumevaa nguo nyingine.

Na huku Ufipa majani tunayo. Setilaiti ingetuona tumenawiri mwaka mzima huku tunazika. Huku kinachoua kinatembea kwa miguu minane, au kinaingia puani. Ni lazima mtu aje, aangalie, aulize. Hakuna njia ya mkato.

Ijumaa, 1 Agosti

Binti kapiga, safari hii sauti imesimama.

Wasimamizi wa bima wa majimbo yote ya Marekani walikaa 2022 wakaandika sheria ya mfano ya bima ya wanyama wa nyumbani, na Maine wameichukua. Kusubiri kwa ugonjwa kusizidi siku 30, magoti nayo humo humo. Ajali hakuna kusubiri. Kampuni ikisema ugonjwa ulikuwepo kabla, mzigo wa kuthibitisha ni wa kampuni, si wa mwenye mbwa. Hili la mwisho nimemwambia arudie.

Kwa hiyo kawauliza: mmethibitisha nini? Wamethibitisha "anachechemea kidogo". Karudi kliniki. Daktari kafungua faili, kakuta mstari mwingine chini: mwiba umetolewa kwenye unyayo. Mwiba! Kapewa barua. Kampuni wameipokea, wanaangalia upya. Simba kapasuliwa tayari, kwa mkopo, ana bandeji, anakula kuku wa kuchemsha.

"Ungejuaje kama daktari hakuandika mwiba?" nikamuuliza.

"Nisingejua, Mama."

Nimekaa na hilo mchana wote. Kumbe shida haikuwa kadi kuandikwa. Kadi ya Simba iliandikwa nusu, ikasomwa robo. Yangu imeandikwa hadi mwisho, ndiyo maana ndigana imerudi. Na jirani, kwa HAPANA zake tatu, asingekuwa na kitu cha kubishia hata kama siku 30 zingeisha.

Huku kwetu mzigo wa kuthibitisha ni wa nani? Sijaona kwenye mkataba. Nitasoma tena na miwani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Redio inatangaza kutoka Mbeya, uwanja wa John Mwakangale, makofi, ngoma, matrekta. Mzee anasikiliza bei za plau. Mimi nimesoma mkataba mstari kwa mstari, na rula chini ya kila mstari, kama nilivyowafundisha watoto.

Kifungu karibu na mwisho, maandishi madogo. Ukilipa kwa wakati mwaka wa pili, hakuna kusubiri tena. Ukichelewa, mkataba umekufa, unaanza upya. Siku 30 upya. Na kila alichougua mwaka huu, alichotibiwa kwa fedha zao wenyewe, kinahesabiwa kilikuwepo kabla.

Nikavua miwani.

Wote tunahangaika na siku ya kuingia. Mlango mbaya uko upande wa pili. Uchelewe kidogo tu, mwaka mzima wa uaminifu unageuka kuwa orodha ya magonjwa dhidi yako. Na nani anachelewa? Aliyekata bima Februari. Februari Ufipa fedha iko wapi? Iko ardhini, imefunikwa na mbolea. Mahindi hayajakomaa, ghala lina panya tu, ada ya shule imeshakula cha mwisho. Julai umevuna, umeuza, una noti mkononi japo kwa wiki mbili.

Sisi tumeingia Julai kwa bahati tu, kijana alipopata usafiri. Kikundi cha kijiji cha pili wanataka kuanza Januari, nimesikia. Wasithubutu.

Jumamosi, 9 Agosti

Chausiku kakataa majani asubuhi. Mwili wote ukaniishia nguvu. Kipimajoto: 38 na nusu. Mitoki hakuna. Saa nne kala kila kitu pamoja na kona ya kanga yangu. Alikuwa anadeka.

Siku 30 zikiisha nitakuwa nimezeeka miaka miwili.

Jumapili, 17 Agosti

Kikao. Nimesimama, nimesema yote manne bila kupumzika. Kwanza, kila ng'ombe awe na kadi, iandikwe hadi mwisho: aliumwa nini, alitibiwa nini, kapona au hajapona, nani kasema. Na chanjo ziandikwe humo humo, kadi isiwe ya mabaya peke yake. Pili, tumwombe kijana aandike kwenye mkataba nani anathibitisha. Akigoma, TIRA wanaosimamia bima wapo, na ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo, kazi yao ndiyo hiyo. Tatu, josho. Kuogesha ng'ombe kunazuia ndigana hata kwa asiye na bima, tuchangie dawa kabla mvua hazijaleta kupe. Nne, siku ya kulipa.

La josho lilipita haraka kuliko nilivyodhani. Jirani wa ng'ambo ya kijito ndiye aliyeunga mkono wa kwanza, hakunitazama. Baadaye kaja na daftari jipya, la kurasa 48, bado lina bei yake. Ng'ombe wanne waliobaki. Kauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nikianza kuandika, si najiharibia?"

Nimemwambia aanze na chanjo, kisha aandike na la mtamba, tarehe na dalili. Kwamba alikuwepo. Kaduwaa kidogo, kisha kasema andika wewe, mwandiko wangu mbaya. Nimeandika.

La nne lilileta vita. Nilipendekeza ada ya bima itolewe kwenye gunia la kwanza la mahindi kuuzwa, kila Julai, ikae kwa mweka hazina, isiguswe. Wakasema sawa. Mwenyekiti akaongeza: kabla ya matumizi mengine yoyote. Wakasema sawa. Wifi akauliza: hata sare za harusi? Hapo kelele. Mmoja anataka vitenge kwanza kwa sababu harusi haingoji, mwingine anasema ng'ombe naye hangoji, mwingine anasema tupunguze harusi. Mzee wangu, aliyekuja kunichukua tu, akaanza kucheka akatolewa nje.

Tumepiga kura. Bima imeshinda vitenge kwa kura moja, na wifi anataka zihesabiwe upya.